Hôtel isiyo hoteli: namna ya kuitembelea nyumba ya Édouard na Nélie

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwezi wa kumi, Mungu akipenda, nitakuwa Paris siku nne kwa dada yangu, pamoja na mwanangu wa miaka kumi. Dada anasema Louvre tuiache, tutachoka bure. Twende Musée Jacquemart-André, eti ni nyumba ya tajiri iliyogeuzwa kuwa makumbusho ya sanaa. Nilipoitafuta mtandaoni nikakuta imeandikwa "hôtel particulier", nikadhani dada kachanganya, ni mahali pa kulala. Mimi nafundisha hisabati sekondari huku Tanga, sanaa sijaisoma hata siku moja. Nikiingia humo nitazame nini? Na usinicheke: si aibu kidogo kulipa hela ili kushangaa fahari ya matajiri waliokwisha kufa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Sikucheki hata kidogo. Swali lako la mwisho ndilo zuri kuliko yote na nitalifikia, ila tuanze na la hoteli maana ndilo jepesi.

Sisi tukisema hoteli tunaona chai, chapati na maharage. Mfaransa ana hôtel za kila namna. Hôtel de Ville ni jumba la halmashauri ya jiji. Hôtel-Dieu ni hospitali. Ukienda kuomba chumba pale kitanda unaweza kupata, lakini utaletewa na sindano. Hôtel particulier sasa ni nyumba ya mjini ya familia moja yenye uwezo wake, haipangishwi vyumba wala haichangiwi ngazi na majirani. Kwa desturi haikai uso kwa uso na barabara. Mbele ina ua wa kupokelea magari ya farasi, nyuma ina bustani, nayo imekaa katikati, imejitenga na kelele. Dada yako hakuchanganya kitu.

Hiyo mliyopangiwa ipo namba 158 boulevard Haussmann. Aliyeijenga ni Édouard André, aliyezaliwa mwaka 1833 katika familia ya Waprotestanti wenye benki. Hakuwa na haja ya kutafuta pesa, alizaliwa akazikuta. Ujenzi ulianza 1869 ukaisha 1875, na mchora ramani alikuwa Henri Parent. Huyu Parent alikuwa ameshindania kazi ya kujenga jumba jipya la opera la Paris, akashindwa na Charles Garnier. Ninalitaja hilo kwa sababu ukishalijua, utapanda ngazi za nyumba hii kwa jicho jingine. Mtu aliyenyimwa kazi kubwa kuliko zote mjini, akipewa tajiri mmoja asiyeuliza bei, hujenga kama anayejibu matusi.

Sasa namna ya kutazama. Nimewatembeza wageni wengi katika nyumba za aina hii, na kosa ni lilelile kila mara. Mtu akishapita mlango huikimbilia picha ya kwanza, husoma kibandiko, hupiga picha kwa simu, huenda ya pili. Baada ya nusu saa miguu inauma na kichwani hakuna kitu. Wewe usianze na picha. Anza na nyumba. Kila chumba unachoingia jiulize swali moja tu: ni nani aliyeruhusiwa kufika hapa?

Jambo hili mtu wa mwambao halihitaji kufundishwa. Nyumba kubwa za mawe za Lamu zilijengwa kwa hesabu hiyohiyo. Kuna mgeni anayeishia dakani, pale barazani mlangoni, akapewa kahawa na kuagwa palepale. Kuna anayevuka hadi kiwandani, yaani ua wa ndani. Ndani kabisa, kwenye ukuta wa zidaka zilizopangwa sahani za kaure, hafiki kila mtu. Nyumba ya Paris ina uroho zaidi wa nafasi na dhahabu, ila sarufi yake ni hiyo: kadiri unavyoruhusiwa kuingia ndani, ndivyo unavyopendwa zaidi, au ndivyo unavyohitajiwa zaidi.

Basi twende pamoja. Ukifika barabarani usishangae kutouona mlango mkubwa. Unaingia kwenye njia iliyopita chini ya jengo, unazunguka, ndipo unatokea kwenye ua wa nyuma, na hapo ndipo nyumba inapokuonyesha uso wake. Magari ya farasi yaliingia upande mmoja yakatokea mwingine, hayakurudi kinyumenyume wala hayakukutana. Ukiwa mwalimu wa hisabati utaipenda hiyo: usiku wa dhifa, magari mia kadhaa, ua mmoja, na foleni haikwami.

Chumba cha kwanza ni cha picha. Humo mna Boucher, Chardin, Nattier, na mandhari za Venice za Canaletto. Ni chumba cha kusubiria, na picha zake zilichaguliwa hivyo: za kupendeza, zisizomlazimisha mtu kufikiri sana wakati anavua koti. Pita taratibu, usijilaumu usipotekwa.

Kisha sebule kubwa, yenye ukuta wa nusu duara, mbao zilizopakwa dhahabu, na sanamu za vichwa vya watu mashuhuri zimesimama kama wageni waliowahi. Hapa msimamishe mwanao umwambie atazame kuta za pembeni. Zile kuta zilikuwa zinaondoka. Parent aliweka chini yake jeki zinazosukumwa kwa maji, na siku ya sherehe kuta ziliteremshwa zikapotea, sebule ikaungana na chumba cha picha upande mmoja na ukumbi wa muziki upande wa pili. Watu 1,000 wakapata nafasi. Huo ni ufundi wa miaka ya 1870, kabla umeme haujaingia majumbani. Mwanao akikumbuka jambo moja tu la Paris, naomba liwe hili, maana ni la kweli na linashinda hadithi za kubuni.

Ukumbi wa muziki wenyewe umechukua ghorofa mbili. Wapiga vyombo walikaa juu, kwenye roshani, muziki ukawashukia wageni bila wao kubanana na wapigaji. Ona mpango ulivyo: kila anayefanya kazi humu ndani amewekewa mahali pa kutoonekana. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Vyumba vidogo vya upande wa pili ndimo wenye nyumba walimofanyia mambo yao: chumba chenye mazulia ya ukutani ya Beauvais yanayoonyesha michezo ya Kirusi, ofisi, maktaba. Vya kwanza vipite haraka, mimi mwenyewe mazulia ya ukutani hunishinda baada ya dakika tano. Maktaba naiweka akiba.

Halafu bustani ya baridi. Katika Paris ya zama zile mtu wa maana alikuwa na chumba cha vioo chenye minazi na mimea ya nchi za joto, akae humo Januari huku nje barafu inaanguka. Ya hapa imejengwa kwa marumaru na vioo, na ndani yake Parent ameweka lile jibu lake kwa Garnier: ngazi mbili zinazopanda zikijipinda kama zinaelea, zikutane juu. Tafuta mahali pa kusimama chini kabisa, pembeni, uzifuate kwa macho tu. Ukimaliza kuzifuata, tazama juu ya ngazi, ukutani.

Pale juu kuna freska ya Tiepolo, mchoraji wa Venice, na hadithi yake ni ndefu kidogo. Mwaka 1574 Henri wa III alikuwa anatoka Poland kurudi Ufaransa kuchukua kiti cha ufalme, akapitia Venice, akapokewa na akina Contarini katika nyumba yao ya shamba huko Mira. Karibu miaka 170 baadaye, Giambattista Tiepolo akaja kuuchora ule ugeni wa heshima kwenye ukuta wa nyumba hiyohiyo. Mwaka 1893 Édouard na mkewe wakainunua. Si nyumba, ukuta. Freska huchorwa juu ya lipu mbichi na rangi inakauka pamoja na lipu, kwa hiyo kuihamisha si sawa na kushusha picha msumarini. Mafundi hugandisha kitambaa juu ya mchoro kwa gundi, gundi ikikauka huvuta polepole ile ngozi nyembamba ya rangi itoke ukutani, kisha huibandika upande wa nyuma kwenye turubai. Kazi hiyo mtu akikohoa vibaya amepoteza uso wa mfalme. Ikasafirishwa Paris ikapandishwa hapo ulipo wewe unaitazama, na ukumbuke kwamba ngazi zilikuwepo tayari miaka 18 kabla picha haijafika, lakini utadhani zilijengwa kwa ajili yake. Nyumba ilifungwa mwaka mzima kwa ukarabati ikafunguliwa tena Septemba 2024, na freska hii ilikuwa miongoni mwa vilivyosafishwa. Kama uliwahi kuona picha zake za zamani, zilizofifia, zisahau.

Sasa nikueleze kuhusu mke, maana bila yeye usingekuwa na pa kwenda.

Nélie Jacquemart, aliyezaliwa 1841, alikuwa mchoraji wa kulipwa. Hakutoka kwa matajiri. Alilelewa chini ya mkono wa bibi mmoja mwenye nafasi, mwenye mali ya Chaalis kaskazini ya Paris, ambaye ndiye aliyemfungulia njia ya kusomea uchoraji. Akawa na jina. Adolphe Thiers, aliyekuwa rais wa nchi, alikaa mbele yake achorwe. Mwaka 1872 akaja kukaa Édouard André. Picha ikakamilika, ikalipiwa, kila mtu akashika njia yake. Wakaoana 1881, miaka tisa baadaye. Ile picha bado imo nyumbani, kwenye vyumba vya faragha vya ghorofa ya chini, na mimi huwaomba wageni wasiikose. Ni mwanamume aliyetazamwa kwa makini na mtu anayefanya kazi, ambaye wala hajui kuwa atakuja kuwa mke wake. Hakuna mapenzi ndani yake, kuna usahihi. Naipenda kuliko picha za watu maarufu zaidi zilizomo humo.

Baada ya ndoa Nélie aliweka brashi chini. Ghorofani alitengewa chumba kikubwa kiwe karakana yake ya kuchorea, lakini hakikutumika hivyo. Kiligeuka kuwa chumba cha sanamu za Italia. Wengine husimulia hili kwa huzuni, mwanamke aliyezimwa na ndoa. Wengine husema alibadilisha tu chombo: badala ya kuchora picha akawa anazitafuta. Mimi sijaamua. Najua tu kwamba karibu kila mwaka walisafiri Italia pamoja, na kwamba ghorofa nzima ya Italia, ile ambayo wataalamu wanaisifu kuliko sehemu nyingine zote za nyumba, ina jicho lake ndani. Édouard alifariki 1894. Hawakujaliwa watoto. Nélie akaendelea peke yake kununua na kupanga, na alipofariki 1912 akaiachia nyumba na vyote vilivyomo Institut de France, taasisi ya wasomi ya Ufaransa, ili watu waingie. Makumbusho yakafunguliwa Desemba 1913. Kwa hiyo dada yako akikuambia "nyumba ya tajiri", mwambie tajiri alijenga, mchoraji ndiye aliyeigawa.

Panda sasa ghorofa hiyo ya Italia. Sanamu za Donatello na za akina Della Robbia, Bikira Maria wa Botticelli, kazi za Mantegna na Bellini. Utachanganyikiwa, na ni sawa. Nakuchagulia moja, kwa sababu ya somo lako.

Tafuta picha ndogo ya Paolo Uccello, Mtakatifu George na joka, ya karne ya 15. Ni ubao usiofika hata mita moja kwa upana. Yupo mpandaji juu ya farasi mweupe, mkuki wake umeingia kinywani mwa joka, na binti mfalme amesimama wima mikono ameikutanisha, kama anasubiri basi. Hao waache. Tazama nyuma yao. Kuna mashamba yaliyokatwa mistari kama daftari la hesabu, yanarudi nyuma hadi kwenye kuta za mji. Uccello alikuwa amepagawa na jambo ambalo wewe unalifundisha: mistari sambamba inayoelekea mbali ionekane inakutana. Enzi zile huko Firenze lilikuwa jambo jipya, lilikuwa ndilo gumzo la mafundi, na yeye alilipenda kuliko wote, kiasi kwamba joka limechorwa kama kisingizio cha kuchora shamba. Weka kidole hewani, usiguse, ufuate tuta mojamoja. Jiulize yanakutana wapi, na kama yote yanakutana mahali pamoja. Mwanafunzi wako wa kidato cha pili angekuwa na la kusema hapo. Mwalimu wa sanaa asiyejua jiometri ataiona picha nzuri, wewe utaiona hesabu inazaliwa, na hapo hutakuwa na haja ya kuniomba radhi kwamba hujasoma sanaa.

Mambo ya vitendo sasa, kwa haraka.

Tiketi nunua mtandaoni kabla hujatoka kwa dada, yenye saa yake. Nenda siku ya kazi, uwe mlangoni saa nne asubuhi wanapofungua. Metro ni Miromesnil, mstari wa 9 au 13, au Saint-Philippe-du-Roule, mstari wa 9. Zote mbili ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Zile tiketi za pamoja za makumbusho ya Paris, wanazouza kwa siku mbili au nne, hazifanyi kazi hapa, wala ile Jumapili ya kwanza ya mwezi ya bure, maana nyumba si ya serikali. Begi kubwa usibebe. Picha unaweza kupiga vyumbani, zima tu mwanga wa simu. Mwongozo wa sauti upo, wa Kiswahili hakuna. Mpe dada yako ausikilize akusimulie, ndiyo kazi yake.

Karibu kila wakati huwa kuna maonyesho ya muda ghorofani, katika vyumba vidogo sana. Hapo nina la kuungama. Kundi la kwanza nililolipeleka nililipeleka Jumapili mchana, wiki za mwisho za maonyesho ya mchoraji anayependwa na kila mtu. Kosa langu. Tulisimama kwenye mvua dakika arobaini, na juu tulitazama visogo vya Wafaransa. Mzee mmoja kutoka Bujumbura aliniambia kwa upole kwamba kusukumana kama kule yeye alikuwa na uwezo wa kukupata sokoni kwao bila nauli ya ndege. Tangu siku hiyo nafanya kinyume cha wengine: umati ukipanda juu kwenye maonyesho asubuhi, mimi nabaki chini kwenye nyumba yenyewe, ambayo inakuwa tupu kabisa. Maonyesho nayaacha mwisho, na nikiona foleni nayaacha moja kwa moja.

Saa moja na nusu inatosha, kwa mtoto hata saa moja. Akianza kuburuta miguu usimlazimishe. Ndani kuna mkahawa, umewekwa katika kile kilichokuwa chumba cha kulia cha wenye nyumba, na bei yake itakushtua kidogo, lakini dari ni ya Tiepolo, imetoka kulekule Mira. Watu waliochorwa wameegemea ukingo wa roshani wanachungulia chini, wanakutazama unavyokula keki. Mwache mtoto achague ni yupi anayeitaka keki yake. Mkitoka, Parc Monceau iko mwendo wa robo saa hivi kwa miguu, atapata pa kukimbia.

Hela ikiwa ngumu, au tiketi zikiisha, msikate tamaa. Katika mitaa ya Marais kuna Musée Cognacq-Jay, nyumba ya zamani ya mjini vilevile, ndogo, picha na vyombo vya karne ya 18, na mkusanyiko wake wa kudumu ni bure. Walioukusanya ni mume na mke walioanzisha duka la La Samaritaine, wachuuzi waliopanda ngazi kwa jasho. Carnavalet nayo iko jirani, inaeleza historia ya Paris, na kuingia kwenye mkusanyiko wake wa kudumu ni bure pia. Ila ni kubwa, msiifanye siku moja na nyingine.

Sasa ile aibu yako.

Haina ubaya kuwa nayo. Boulevard yenyewe ina jina la mtu aliyebomoa. Haussmann, mkuu wa mkoa wa Seine kuanzia 1853 hadi 1870, alizipasua barabara pana katikati ya mitaa ya zamani, na waliokuwa wakiishi katika vyumba vya bei nafuu walisukumwa pembezoni. Viwanja vipya vikawapata akina André. Unaposimama pale uani unasimama juu ya hayo, na hakuna kibandiko kinachokuambia. Mimi ningependa kiwepo.

Na kuna jingine. Nimekuambia uulize kila chumba nani aliruhusiwa kufika, lakini kuna watu waliofika kila chumba kila siku na ziara haiwaonyeshi: aliyewasha moto alfajiri, aliyefuta vumbi kwenye zile sanamu za vichwa, aliyebeba sahani wakati wageni 1,000 wanakula. Njia ya ziara hapa haikupitishi jikoni. Huo ndio upungufu wa nyumba hii, kwa maoni yangu. Ukitaka kuona upande huo, si mbali, kwenye rue de Monceau, ipo Musée Nissim de Camondo, nyumba ya mwenye benki mwingine, Moïse de Camondo, iliyokamilika 1914. Jiko lake limehifadhiwa zima, sufuria za shaba, majiko ya chuma, pamoja na chumba walimokula watumishi. Moïse aliiacha kwa umma kwa jina la mwanawe Nissim, rubani aliyeuawa vitani 1917. Binti yake Béatrice aliyebaki alikufa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, pamoja na watoto wake na baba yao. Baada ya hapo utajiri wa nyumba ile hauwezi tena kumtia mtu wivu. Ilifungwa mwaka 2024 kwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo hakikisha imefunguliwa kabla hujajisumbua.

Lakini nilikuahidi maktaba, na jikoni nako kuna namna ya kufika kwa kupitia humo.

Katika maktaba ya Jacquemart-André wamekusanywa wachoraji Waholanzi na Wafleming, yaani watu wa Ubelgiji ya leo: Hals, Van Dyck, na Rembrandt mwenye michoro mitatu. Mchoro mmoja kati ya hiyo mitatu ni mdogo mno, si mkubwa kuliko sinia ya chai, rangi juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye ubao. Rembrandt aliufanya karibu 1628, akiwa kijana wa miaka 22 hivi. Ni ile habari ya Injili ya Luka: wasafiri wawili wamemkaribisha mtu njiani, wakaketi kula jioni huko Emau, akamega mkate, mara wakamtambua ni Yesu aliyefufuka.

Sogea hadi pale mlinzi atakapokukohoa. Yesu humwoni uso. Amechorwa kivuli, mweusi, kwa upande, na mwanga umewekwa nyuma yake, sivyo kama picha za kanisani zinavyofanya. Mwanafunzi mmoja mezani amerudi nyuma kwa mshtuko, macho yamemtoka. Wa pili atakupotea. Ameshuka chini gizani miguuni pa Bwana, itakubidi usubiri macho yazoee ndipo umwone. Mkoba umetundikwa msumarini ukutani, mkoba wa kawaida wa msafiri. Ukishayaona hayo, peleka jicho nyuma kabisa, kushoto. Kuna mlango, na ndani kuna taa nyingine, ndogo. Mwanamke ameinama anafanya kazi yake. Habari kubwa kuliko zote imetokea hatua chache kutoka kwake na yeye hana habari, ana chakula cha watu mkononi.

Wenye nyumba walimtundika kwenye maktaba yao, katika nyumba ambayo waliowatumikia wao hawakutakiwa kuonekana. Sijui walimwona au hawakumwona. Mwite mwanao amtafute, usimwambie yuko wapi.